Nani Atie Sahihi? Viwango na Elimu ya Wahandisi wa Programu, Jinja hadi Mbale

Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525 na limening'inizwa kwa nyaya juu ya Mto Nile. Malori yanayotoka Malaba kwenda Kampala hupita hapo usiku na mchana, wala hakuna dereva anayesimama kwanza kuuliza nani alizipigia hesabu nyaya zile. Hana haja ya kuuliza. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya Uganda, ya mwaka 1969, imekwisha kumuulizia: anayefanya kazi ya uhandisi awe kwenye daftari la bodi, na bodi hiyo inaweza kumfuta.

Katikati ya mji huohuo kuna vyama vya akiba na mikopo vinavyotunza fedha za wanachama ndani ya programu za kompyuta. Programu hizo nazo zimepigiwa hesabu na mtu. Ni nani? Alisomea wapi? Mara ya mwisho kujifunza jambo jipya ni lini? Wanachama hawajui, na mara nyingi hata kamati iliyolipia programu haijui.

Mkanganyiko umeanzia hapo. Mzazi wa Mbale anayetafuta pa kumsomesha mwanawe hukutana na tangazo la kozi ya miezi michache, na kando yake la shahada ya miaka kadhaa, na yote mawili yanamuahidi kwamba mtoto atatoka akiwa mhandisi wa programu. Mwajiri haamini moja wala jingine. Wapo wanaosema serikali ilete leseni kama ya wauguzi, na wapo wanaoapa kwamba leseni itaua kazi yenyewe.

Shahada, cheti, leseni

Vitu hivi vitatu huchanganywa kila siku. Shahada ni ushahidi kwamba mtu alisoma, na alisoma mwaka fulani. Mashariki ya Uganda hutolewa na vyuo kama Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofungua milango yake Mbale mwaka 1988, na Busitema, kilichoanzishwa 2007 katika wilaya ya Busia na ambacho kina shahada ya uhandisi wa kompyuta. Cheti cha kampuni ni ushahidi kwamba mtu anaijua bidhaa fulani. Vingine huisha muda, kama vile CCNA ya Cisco ambayo hudumu miaka 3. Leseni ni jambo jingine kabisa. Ni ruhusa ya dola: asiye nayo akifanya kazi ile amevunja sheria.

Kwa mtunga programu wa Uganda, leseni ya aina hiyo haipo. Kuna vipande vipande vinavyoizunguka. Mwaka 2016 zilitoka kanuni za kuwaidhinisha watoa bidhaa na huduma za TEHAMA, chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Lakini anayelengwa humo ni mtoa huduma, si msimbo aliouandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2019 ina meno: kampuni ikikutwa na hatia inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Hiyo nayo huja baada ya maji kumwagika.

Jina lenyewe la "uhandisi" limeongeza vumbi. Lilienea baada ya mkutano wa NATO uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, na waliolichagua walikusudia kuchokoza: walikuwa wanasema kwamba kazi hii inapaswa kuwa uhandisi, si kwamba tayari ni uhandisi. Zaidi ya nusu karne baadaye watu wanalivaa kama kofia.

Kilichobadilika mashariki

Miaka 15 iliyopita swali hili lingeonekana la Kampala peke yake. Leo sivyo. Mpango wa Maendeleo ya Parokia ulizinduliwa Februari 2022 Kibuku, si mbali na Mbale, kwa ahadi ya shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka na mkopo wa milioni 1 kwa kaya. Wanufaika huandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta, na fedha hupitia akaunti na pochi za simu. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT analazimika tangu Januari 2021 kutoa risiti kupitia mfumo wa EFRIS, na mwenye programu yake ya mauzo lazima ampate mtu wa kuiunganisha. Kahawa ya mlima Elgon inayouzwa Ulaya inaanza kudaiwa alama za mahali shamba lilipo. Hospitali hutuma takwimu zake wizarani kwa mfumo wa DHIS2. Na Jinja kumejengwa kiwanda cha Kiira Motors, cha mabasi ya umeme ya Kayoola. Katika basi la umeme, programu ndiyo inayoiangalia betri, na mambo mengi ambayo zamani yalikuwa ya spana sasa ni ya kompyuta.

Tuchukue jambo moja dogo tulitazame kwa karibu. Mwanachama yuko kwa wakala Mbale, anarejesha mkopo wa shilingi 50,000 kwa simu. Wakala anabonyeza "tuma". Mtandao unakatika. Fedha zimefika kwenye kompyuta ya chama, ila jibu la "imepokewa" limepotelea njiani. Wakala anangoja, haoni kitu, anabonyeza tena. Programu iliyoandikwa na mtu aliyefundwa huupa kila muamala namba yake ya pekee tangu kidole cha kwanza kinapogusa, kwa hiyo ombi la pili likifika na namba ileile mfumo husema: huu nimeshaupokea. Programu iliyoandikwa na mtu aliyejifunza kwa kuiga mifano ya mtandaoni, ambamo mtandao haukatiki kamwe, hukata 50,000 mara mbili.

Kosa hilo halionekani siku ya maonyesho. Siku hiyo mtandao ni mzuri, kamati inapiga makofi, hundi inaandikwa. Linaanza kuonekana msimu wa mvua, na wa kwanza kulaumiwa ni wakala: amekula pesa.

Si hofu ya kubuni. Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ulionyesha upungufu ambao haukuwapo, na zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogondogo walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo mwaka 2024, robo karne baada ya kosa kuanza. Nchi hiyo ina chama cha wataalamu wa kompyuta tangu 1957. Tutakirudia chama hicho.

Wanaotaka leseni

Hoja yao ni rahisi na ina nguvu. Muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale lazima asajiliwe, ahuishe leseni yake na aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Kwa nini anayetunga programu inayomwambia muuguzi huyo dozi ya mgonjwa asidaiwe hata robo ya hayo? Leseni humpa mnunuzi mahali pa kulalamikia. Humpa mtaalamu mwenyewe kinga pia, kwa sababu bosi akimwambia "toa hivyohivyo, tutarekebisha baadaye," ana la kujibu: nikitia sahihi nitafutwa. Kinga hii husahaulika sana katika mjadala, na kwangu ndiyo hoja bora kuliko zote za upande huu.

Udhaifu unajitokeza unapouliza: utapima nini? Marekani walijaribu. Texas ilianza kuwapa leseni wahandisi wa programu mwaka 1998, na mtihani wa kitaifa ukaanzishwa 2013. Ulifanywa mara 5 tu. Waliojitokeza, kwa miaka yote hiyo na nchi nzima ile, walikuwa 81, na baada ya 2019 ukafutwa. Chama kikubwa cha wanasayansi wa kompyuta cha huko, ACM, kilikuwa kimeshasema tangu mwaka 2000 kwamba elimu ya fani hii haijakomaa kiasi cha kuwekewa leseni, kikajitoa kwenye kazi ya kuandika muhtasari wa maarifa ya fani hiyo.

Nigeria ina baraza la kusajili wataalamu wa kompyuta kwa sheria ya 1993, na bado vijana wengi wa Lagos wameingia kazini bila kupitia mlango huo. Kenya ilikuja na mswada wa wataalamu wa TEHAMA mwaka 2016, ukaletwa tena baadaye. Ulitaka wataalamu wasajiliwe na chombo kipya na kupewa leseni. Wenye fani waliupinga vikali, na haukupata kuwa sheria. Jibu lao lilikuwa la kihistoria: Ushahidi, jukwaa la kuripoti ghasia kwenye ramani lililoanza 2008, lilitengenezwa kwa haraka na watu wa kujitolea ambao hakuna aliyewadai kibali. Ungewangojesha foleni ya leseni, ghasia zingekwisha bila ramani.

Kwa Jinja na Mbale kuna tatizo jingine. Leseni za namna hii hutolewa Kampala. Kijana aliyejifunzia Namakwekwe, Mbale, kwa kompyuta ya mkononi iliyotumika, na ambaye kweli anaijua kazi, atakuwa mhalifu kabla ya kuwa mtaalamu.

Wanaosema soko liamue

Hawa wanasema: acheni. Mbaya atakosa wateja, mzuri atapata. Wana hoja wanaposema kwamba fani hii imelea watu wengi ambao vyuo visingewapokea, na kwamba katika kazi nyingi kosa ni aibu tu. Tovuti ya hoteli ya kando ya Nile ikikatika, mtalii atapiga simu.

Lakini soko huamua vizuri pale mnunuzi anapokiona anachonunua. Anayenunua ndizi sokoni Mbale huzibonyeza. Programu haibonyezeki. Kamati huona rangi za skrini na bei, ikachagua bei, na aliyetumia wiki mbili kuzuia muamala usijirudie hushindwa na ambaye hakufanya hivyo. Soko la namna hii huwaadhibu waangalifu.

Tena hasara haimwangukii aliyechagua. Oktoba 2020, MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitoa taarifa ya pamoja kwamba hitilafu kwa mtoa huduma wa kati imesimamisha miamala kati ya benki na simu. Mwenye kibanda cha wakala hakuwa amemchagua mtoa huduma huyo, wala hakujua kwamba yupo.

Soko pia ni mlezi wa msimu. Kampuni ya Andela ilipofungua ofisi Kampala ilionekana kama shule na ajira kwa pamoja: unaingia mchanga, unakomaa ukilipwa. Septemba 2019 ilipunguza mamia ya wataalamu chipukizi Nigeria, Kenya na Uganda, ikisema wateja wanataka waliokwisha kukomaa. Kibiashara ilikuwa sawa. Ila swali likabaki: kama kila mtu anataka waliokomaa, nani anawakomaza?

Chama, maadili na pointi

Kati ya hao wawili kuna wanaopendekeza hiari: chama, kanuni za maadili, daftari lisilolazimisha. Kanuni zipo tayari. ACM na wenzao wa IEEE walitoa zao mwaka 1999, zenye misingi minane, na wa kwanza ni maslahi ya umma. Tanzania imeelekea huko, Tume ya TEHAMA ikiwasajili wataalamu, na bodi ya wahandisi ya nchi hiyo imekuwa tangu 2003 na mpango wa uanagenzi unaomweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasimama peke yake. Mpango huo unastahili kuigwa kuliko daftari lolote.

Njia hii haimfungi mtu, na huo ndio uzuri wake na ndio ubovu wake. Uingereza wakati wa Horizon haikukosa chama wala maadili. Na mafunzo ya kukusanya pointi ili mtu abaki daftarini yana ugonjwa unaojulikana kwa kila aliyewahi kuhudhuria: hoteli, chai, saini asubuhi, saini jioni, posho. Daftari linajaa, kichwa kinabaki kilivyokuwa.

Bei ya kuendelea kujifunza

Pande zote tatu hukubaliana kwamba anayeacha kujifunza ameacha kazi. Hukosea, nadhani, katika kudhani kwamba tatizo ni uvivu.

Vifaa vya fani hii hufa haraka kweli. Python ya toleo la 2 iliachwa Januari 2020, na Flash ikazikwa mwisho wa mwaka huohuo. Mhitimu aliyefundishwa vifaa hivyo tu alibaki na nguo isiyomtosha. Hata hivyo elimu ya ndani haifi. Namba ya pekee ya muamala, kuthibitisha kila kinachoingia, kutohifadhi nywila waziwazi, kujaribu programu kwa kuivunja: mambo hayo hayajazeeka. Ipo pia elimu ya tatu, ya taarifa za kila wiki: tundu jipya limegunduliwa, kiraka kimetoka, kiwekwe. Marekani, kampuni ya Equifax ilivuja taarifa za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017 kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka uleule. Hakuna shahada ambayo ingeziba tundu hilo. Lilihitaji mtu anayesoma matangazo na mwenye amri ya kusimamisha mfumo.

Elimu hizi tatu zina bei tofauti. Ya ndani hufaa kupatikana chuoni au kwa mlezi. Ya vifaa na ya taarifa hupatikana mtandaoni, na mtandao Uganda umetozwa kama anasa: shilingi 200 kwa siku kwa kuingia mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, kisha kodi hiyo ikaondolewa Julai 2021 na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando. Mtu anayefuata mafunzo ya video na kupakua zana nzito hulipa kodi hiyo kila siku. Sijui serikali inayodai wataalamu wajifunze maisha yote kisha ikatoza kodi kila somo inajieleza vipi.

Bei nyingine ni upweke. Waliobobea huvutwa Kampala au hufanyia kazi wateja wa nje. Anayebaki Mbale huandika peke yake, hujikagua peke yake, hujifunza makosa yake kutoka kwa wateja. Gereji za Jinja zinamshinda hapa. Katika gereji, fundi mkubwa husikia injini toka upande wa pili wa uwanja akapiga kelele, "wewe, hiyo valvu!" na kijana amejifunza bure. Mtunga programu hana wa kumpigia kelele. Sasa ana akili unde, inayomwandikia msimbo kwa sekunde na kwa sauti ya kujiamini, hata pale ilipokosea. Kwa anayejua ni msaidizi mkubwa. Kwa asiyejua imeondoa dalili ya mwisho iliyomsaidia mnunuzi: zamani kazi mbovu ilionekana mbovu.

Gereji ina somo jingine. Chini ya sheria ya elimu ya ufundi ya 2008, Idara ya Mafunzo ya Viwandani iliwapima mafundi kwa kazi ya mikono yao na kuwapa hati ya Worker's PAS. Swali halikuwa ulisomea wapi. Lilikuwa fungua injini tuone. Wazo hilo halijapewa uzito unaostahili kwa watunga programu. Mpe mtu mfumo mbovu wa mikopo, siku mbili, na mtandao unaokatika makusudi, uone atakachokuletea. Upimaji huo ukirudiwa kila baada ya miaka michache, pointi za hotelini hazitakuwa na kazi.

Mizani

Kosa la mjadala mzima ni kumtazama mtu badala ya kazi. Daraja halipati usalama kwa sababu kila aliyebeba zege ana shahada. Linaupata kwa sababu yupo mmoja anayejulikana, ambaye sahihi yake iko kwenye mchoro, na wengine wamemkagua. Wabeba zege ni wengi na mlango wao uko wazi.

Hivyo ndivyo ningeamua kwa programu. Tovuti ya hoteli, ya shule au ya kwaya iachwe huru. Programu inayoshika akiba za watu, taarifa za wagonjwa au chombo kinachobeba abiria isiingie kazini bila sahihi ya mtu mmoja aliyepimwa kwa kazi, na bila ukaguzi wa mwingine ambaye hakuiandika. Anayeandika anaweza kuwa yeyote, awe na shahada au awe kijana wa Namakwekwe. Akili unde inaweza kuandika nusu yake. Sahihi haiwezi kuwa ya akili unde.

Njia hii ina gharama, na nisizifiche. Bei itapanda. Chama cha wanachama 200 hakiwezi kumlipa mkaguzi peke yake. Vyama vitalazimika kuchangiana, na walimu wa Busitema na wa Chuo cha Kiislamu wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa ada ya kiasi, wanafunzi wakiwa pembeni yao wakijifunza. Mipaka nayo itabishaniwa: je, programu ya kupimia kahawa ya mkulima inashika fedha au haishiki? Mimi ningesema inashika. Na sahihi inaweza kuuzwa, kama mihuri mingine inavyouzwa. Ila muhuri uliouzwa una jina juu yake, na jina hufikishwa mahakamani. Leo hakuna hata jina.

Sheria ya namna hiyo itachukua miaka. Wajumbe wa kamati za vyama vya akiba, Jinja na Mbale, hamhitaji kuingoja. Mnapoletewa mkataba wa programu, daini mambo manne yaandikwe ndani yake: jina la anayeibeba dhamana, jina la aliyeikagua na ambaye si mwandishi wake, nani ataweka viraka na ndani ya siku ngapi, na msimbo wenyewe utakabidhiwa kwa nani muuzaji akifunga duka. Kisha ombeni mwonyeshwe programu ikifanya kazi huku mtandao unazimwa katikati ya muamala. Ikikata pesa mara mbili, msilipe.